Lundo la Theluji Nyuma ya Uwanja wa Hoki

Charlene aliitwa shuleni siku ya Jumatatu. Alikwenda na sare yake ya kituo cha petroli kwa sababu hakuwa na muda wa kupita nyumbani, na alipofika akapewa kiti cha mtoto. Mwalimu Pruett naye alikalia kiti cha mtoto, lakini yeye alikuwa mwembamba na alishazoea. Charlene alipokaa, kiti kililia, na magoti yake yakapanda hadi karibu na kidevu. Binti yake Waseya alisimama pembeni akimtazama mama yake kwa huruma.

"Kwanza niseme, Waseya ni mtoto mwerevu sana," alianza Mwalimu Pruett.

Charlene alisoma shule hiyohiyo. Alijua mwalimu akianza na sifa, kinachofuata si kizuri.

Mwalimu alitandaza kadi nne za picha mezani. Katika moja dubu anauona mti wa tufaha. Katika nyingine anapanda. Katika ya tatu tawi linavunjika, na katika ya nne dubu amekaa chini, ana nundu kichwani.

"Waseya, mwonyeshe mama ulivyozipanga."

Waseya alizipanga bila kusita. Kwanza akaweka dubu mwenye nundu. Kisha dubu anauona mti. Kisha dubu anapanda. Kadi ya tawi linalovunjika akaitia mfukoni.

"Na hiyo ya mfukoni?" mwalimu akauliza kwa upole.

"Hiyo bado."

"Bado nini?"

"Bado hatujafika, Mwalimu. Theluji iliisha."

Mwalimu Pruett alimgeukia Charlene na uso wa mtu aliyejaribu kila dawa. Alikuja kutoka kusini mwaka huo, na alikuwa mwalimu mwenye moyo mzuri, ndiyo maana alikuwa amechoka hivyo. "Mwaka mzima ni hivi. Tunajifunza mpangilio wa matukio: kwanza, kisha, halafu, mwishoni. Wenzake wote wameelewa. Waseya huanza na mwisho, anarudi mwanzo, halafu anakataa katikati."

Charlene alifahamu mara moja kosa lilikotoka, akaona aibu kulieleza.

"Ijumaa atasimulia ngano moja mbele yangu na Mwalimu Mkuu, kuanzia mwanzo hadi mwisho," mwalimu aliendelea. "Akiweza, anaingia darasa la tatu na wenzake. Asipoweza, mwakani atasoma na wadogo. Ngano yoyote. Ya kitabuni, au hata ya nyumbani. Nasikia babu yake ni msimuliaji hodari."

"Nitasimulia ya Babu," Waseya akadakia. "Nimeshawaambia wote."

Charlene alifumba macho. "Mwalimu, huu ni mwezi wa Mei."

"Ndiyo, muhula unakaribia kwisha."

"Hapana. Nasema huu ni mwezi wa *Mei*."

Mwalimu alitabasamu kwa adabu, akasubiri maelezo. Charlene alijaribu kusimama, na kiti kikasimama naye.

* * *

Kwa sisi watu wa ziwa, hadithi za kale husimuliwa theluji ikiwa imelala juu ya ardhi. Anayesimulia kiangazi huletewa vyura kitandani. Hakuna anayebishana na jambo hili, hata wale wanaocheka, kwa maana kila ukoo una mtu mmoja aliyelijaribu.

Lakini Mzee Hector, babu yake Waseya, alikuwa na desturi yake juu ya desturi. Alikuwa na hadithi moja tu, ndefu, na aliisimulia kipande kwa kipande tangu theluji ya kwanza hadi ile ya mwisho iliyobaki kwenye paa la banda la kuni. Ile ya banda ikiisha, alinyamaza, hata kama alikuwa katikati ya sentensi. Majira ya baridi yanayofuata aliendelea na nusu ya sentensi iliyobaki.

Waseya alianza kumsikiliza majira ambayo hadithi ilikuwa ukingoni, kwa hiyo kitu cha kwanza alichokisikia maishani mwake ni mwisho. Majira yaliyofuata babu akaanza upya. Mwaka huu joto likawahi, banda likavuja, na sungura akaachwa na mguu mmoja ndani ya tundu la barafu. Mtoto alikuwa na mwisho, alikuwa na mwanzo, na kati yake palikuwa na shimo.

Hadithi yenyewe haitaandikwa hapa. Haijulikani wewe unasoma majira gani, na huko kwenu labda theluji haijaanguka tangu dunia iumbwe. Hatutaki lawama za vyura. Itoshe kujua kwamba kuna sungura, kuna mzee mmoja mroho, na kuna tundu kwenye barafu ya ziwa.

* * *

"Sisimulii," alisema Mzee Hector jioni ile, akichambua miiba ya samaki.

"Baba, ni shule," Charlene alisema. "Atarudishwa nyuma."

"Kwani mimi niliirudisha nyuma theluji?"

"Kipande cha katikati tu. Mnong'oneze."

"Vyura wana masikio."

Lyle, kaka yake Charlene, alicheka hadi mkate ukampalia. Lyle ndiye aliyeendesha mashine ya kukwangua barafu kwenye uwanja wa hoki, kazi ambayo kijijini kwetu ina heshima kuliko ya diwani. "Mwandikie basi, Baba. Karatasi haina sauti."

"Chura aliyeingia kwenye buti lako mwaka ule ulipomsimulia yule msichana wa mjini, alikuwa na sauti?"

Lyle akaacha kucheka. Bibi Verna, mke wa mzee, aliweka sufuria mezani kwa kishindo. "Fungua friji kubwa. Mle ndani kuna theluji imeganda kuliko kichwa chako. Kaa mbele yake usimulie."

"Friji si majira, mwanamke."

"Na wewe si kanisa! Mtoto atakaa na watoto wanaojipangusa kamasi vitabuni kwa sababu ya ukaidi wako."

"Verna, usinipandishe presha. Daktari amesema."

"Daktari amesema mengi!" Bibi alijibu, halafu sauti ikamshuka ghafla. "Amesema mengi, Hector. Ndiyo maana nakwambia usimulie sasa. Unamwekea nani?"

Mzee alitazama samaki wake kana kwamba samaki ndiye aliyeulizwa. Lyle alichukua chumvi ambayo hakuihitaji. Waseya peke yake hakujua kwamba kumesemwa jambo, kwa hiyo ndiye aliyeongea.

"Babu, sheria inasemaje hasa? Lazima iwe baridi, au lazima kuwe na theluji?"

"Theluji," alisema mzee, akishukuru kupata swali dogo. "Ikilala juu ya ardhi, hata iwe Julai, mdomo wangu uko wazi."

"Julai!" Bibi alisonya. "Huyu anatoa ahadi kama mwanasiasa."

Lyle alikohoa. Kisha akakohoa tena, mpaka wote wakamtazama.

"Nyuma ya uwanja," alisema. "Mashine ikikwangua barafu, mnadhani natupa wapi? Lundo bado lipo. Huwa linafika mpaka Juni."

* * *

Lundo lilikuwepo kweli, kwenye kivuli cha ukuta wa kaskazini, kubwa kama nyumba ndogo na jeusi kama dhambi. Lilikuwa limejaa utepe wa magongo ya hoki, ubani uliotafunwa, glavu moja na jino. Lyle alilitambua jino, lakini kwa heshima ya mwenyewe hakulitaja.

Mzee Hector alilizunguka na fimbo yake. Alilichoma. Alilinusa.

"Hii haikuanguka kutoka mbinguni," alitoa hukumu. "Hii imetapikwa na mashine."

Waseya alikuwa ameanza kukaa. Akasimama tena.

"Ngoja kwanza," alisema Bibi Verna. Alikuwa amekuja na viti viwili vya kukunja, blanketi na birika la chai, na hakuwa tayari kuvirudisha. "Lyle, maji ya uwanja mnatoa wapi?"

"Ziwani, Mama."

"Na ziwa linajazwa na nini?"

"Na... theluji ikiyeyuka."

"Na hiyo theluji ilitoka wapi? Dukani?" Alimgeukia mumewe. "Imeanguka kutoka mbinguni, Hector, ila imepitia njia ndefu. Wewe mwenyewe siku ya harusi yetu ulipitia kwa binamu yako, ukafika jioni. Nilikuambia si bwana harusi?"

Mzee alifikiri kwa muda. Mtu asingeweza kujua kama anafikiria theluji au harusi. Hatimaye alikunjua kiti, akakipandisha juu ya lundo, akaizamisha miguu ya nyuma ya kiti mpaka kikatulia. Akakaa. Akavuta blanketi.

"Sungura," alisema, "alipoutia mguu wake kwenye tundu, *akahisi kuna kitu kinamshika.*"

Ilikuwa nusu ya pili ya ile sentensi aliyoikata banda lilipovuja. Waseya alipiga makofi kwa furaha, akajitupa kwenye theluji chafu miguuni pake.

Kijijini kwetu huwezi kumkalisha mzee juu ya lundo mwezi wa Mei watu wasije. Wa kwanza alikuja kuuliza kama mzee ameanguka. Wa pili alikuja kumwuliza wa kwanza. Baada ya muda palikuwa na magari, viti, mtoto mchanga na mbwa, na mtu aligawa mkate wa kukaanga. Waliochelewa walitaka kuambiwa yaliyopita, wakanyamazishwa.

Ndipo Gerry, meneja wa uwanja, akafika na trekta kusambaza lundo lile liyeyuke, kwa kuwa wageni wa mashindano ya uvuvi wangetaka mahali pa kuegesha.

"Mzee, naomba ushuke," alipaza sauti juu ya ngurumo za injini. "Hiyo ni takataka ya uwanja."

"Zima hilo dude!" Bibi Verna alifoka. "Sungura anazama!"

Gerry alizima, ili aeleze vizuri. Lakini injini ilipokufa alisikia mzee mroho akimwambia sungura jambo moja la hila, akataka kujua sungura atajibuje. Alibaki juu ya trekta, kidevu juu ya usukani, mpaka chai aliyokuja nayo ikapoa.

Mzee Hector alisimulia kuliko alivyowahi kusimulia kwa kikao kimoja. Mara mbili alishika kifua akapumzika, na mara zote mbili Bibi Verna alitazama pembeni akamimina chai. Alipofika mahali mzee mroho anaporudi kwenye tundu na kamba yake, alikoma.

"Endelea," alisema Gerry.

"Zaidi ya hapo anayo huyu." Mzee alimwonyesha Waseya kwa fimbo. "Mwisho nilishampa majira ya kwanza. Kitu nikishatoa sirudii kukidai."

"Lakini sisi hatukuusikia!" watu walilalamika.

"Nyinyi mlikuwa mnatazama hoki."

Ilikuwa kweli. Hata Bibi Verna, katika miaka yote ya ndoa, hakuwahi kuusikia mwisho. Daima alikuwa anaosha vyombo, au amelala.

* * *

Asubuhi ya Ijumaa Charlene alimkuta binti yake mlangoni amevaa mabuti ya theluji, na kando yake Lyle amebeba boksi la plastiki la kuhifadhia samaki.

"Hiyo nini?"

"Majira," alisema Lyle.

"Babu hawezi kusimulia bila theluji, na mimi siwezi," Waseya alifafanua, kama anavyofafanua mtu anayejua kwamba watu wazima huchelewa kuelewa. "Unataka nilale na vyura?"

Ofisini kwa Mwalimu Mkuu palikuwa na zulia. Bwana Dunleavy, mwenye ofisi, alilipenda zulia lile, na alikuwa amevaa viatu vya kahawia vilivyong'arishwa kwa ajili ya wageni wa mchana. Lyle alitandika mfuko mmoja wa taka, akamwaga theluji nyeusi juu yake. Kijiti cha peremende kikaviringika mpaka chini ya meza.

"Samahani," alisema Bwana Dunleavy. "Hii ni nini?"

"Ni kifaa cha kufundishia," Mwalimu Pruett alijibu haraka. Hakuwa na habari ni nini, lakini alikwisha kuwa upande wa mtoto.

Waseya alipanda juu ya theluji kwa mabuti yake. "Hapo zamani," alianza, "kwanza, sungura alikuwa na njaa."

Alisimulia mwanzo wote. Bwana Dunleavy alikuwa mtu wa kuuliza maswali, na hapo sungura alipofika ziwani aliinua kalamu.

"Vizuri. Unadhani sungura alijisikiaje moyoni?"

"Mwalimu Mkuu, theluji inayeyuka."

"Ndiyo, lakini..."

"Ikiisha naishia hapo hapo. Kisha, sungura akaona tundu."

Kalamu ilishuka. Maji meusi yalianza kutoka chini ya mfuko, yakafuata mteremko wa sakafu kuelekea viatu vya kahawia. Waseya aliyaona. Hakuwa na nafasi ya kuzunguka, hakuwa na nafasi ya kurudi nyuma, wala ya kutia kitu mfukoni. Kila tukio lilisimama nyuma ya lingine kama watoto kwenye mstari wa chakula. Halafu mguu ukashikwa. Halafu mzee mroho akaja. Halafu akaenda kutafuta kamba. Mwalimu Pruett alikuwa anahesabu kimyakimya midomoni, kwanza, kisha, halafu, kama mtu anayemtazama mtoto wake akivuka mto juu ya gogo.

Charlene, mlangoni, aliangalia theluji. Ilibaki kama sahani moja. Waseya alisogeza miguu pamoja.

"Na mwishoni," alisema, akasimama kwa mguu mmoja.

Aliposema neno la mwisho chini ya buti lake palikuwa na tope la baridi lisilozidi kijiko. Bwana Dunleavy alikuwa hajasogeza viatu. Soksi zake zilikuwa zimelowa mpaka vifundoni.

"Darasa la tatu," alisema, na kwa mara ya kwanza mwaka ule sauti yake ilikuwa ya mtu aliyewahi kuwa mdogo. Halafu akaliona zulia, akawa Mwalimu Mkuu tena.

Jioni ile Mwalimu Pruett alifurahi mno, akampigia simu mama yake kusini, akamhadithia kisa chote cha sungura, tangu mwanzo hadi mwisho, kwa mpangilio. Kesho yake alikuta chura ndani ya buti lake la mvua. Kando ya ziwa mwezi wa Mei vyura huingia mabuti ya kila mtu, na mwalimu alilijua hilo. Hata hivyo alifika kwa Mzee Hector kabla ya kifungua kinywa, amelibeba buti mikononi.

"Anauma?" aliuliza.

"Hapana," alisema mzee. "Amekuja kukukumbusha tu. Mweke nje, umwombe radhi."

Mwalimu alimweka nje, akamwomba radhi. Bibi Verna alilazimika kuingia chumbani acheke.

* * *

Mzee Hector alikufa Oktoba, majani yakiwa yameshaanguka na theluji haijaja. Alikufa kitini, redio ikitangaza mechi, timu yake ikiongoza. Lyle alisema angalau hakusikia kipindi cha tatu, timu ilipofungwa.

Tulikaa naye siku za msiba, moto ukiwaka nje, watu wakiingia na kutoka na vyakula. Walisema mengi juu yake. Walisema kuhusu harusi aliyochelewa, na lundo, na mwalimu na buti. Kila aliyekuwepo siku ile nyuma ya uwanja alitaka kuuliza jambo lilelile, na kila mmoja alitazama nje, akaona ardhi kavu, akameza swali lake. Gerry alifika mpaka kwa Waseya, akafungua mdomo, akaishia kumpa biskuti.

Theluji ya kwanza ilianguka Novemba, mchana, nyembamba kama unga uliobaki kwenye kibao. Lyle alisimama dirishani.

"Hiyo inatosha, Mama?"

Bibi Verna alitoka na kandambili zake. Aliinama, akaweka kiganja chini, akakaa hivyo kwa muda mrefu kuliko inavyohitajika kupima theluji. Alipoinuka alama ya mkono wake ilibaki.

"Imelala," alisema.

Akaingia ndani. Sinki ilikuwa imejaa vyombo. Aliviacha, akavuta kiti, akakaa karibu na kile cha mzee ambacho hakuna aliyekikalia. Charlene alizima televisheni. Waseya, aliyekuwa sasa wa darasa la tatu, alisimama mbele yao mikono nyuma, kama shuleni.

"Nianzie wapi?" aliuliza. "Mwanzo, kisha katikati, halafu mwisho?"

"Hiyo ni ya Mwalimu," alisema Bibi Verna. "Hapa tunaanzia alipoishia babu yako."

Waseya akafikiri. Akakumbuka mzee mroho amesimama kando ya tundu, na kamba mkononi, tangu Mei.

"Basi," alisema, "ni mwisho."

"Basi anza na mwisho," alisema Bibi. "Na usikimbie. Safari hii theluji ndiyo kwanza inaanguka."